Bogenvilia ina majani tele lakini haichanui: nikate lini, na wapi kwenye tawi?

*«Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Tanga mjini. Miaka mitano iliyopita tulipanda bogenvilia kuwa fensi upande wa barabarani, za zambarau na nyeupe. Miaka miwili ya mwanzo zilichanua mpaka wapita njia wakawa wanaomba vipandikizi. Sasa ni majani tu. Kijana anayetutunzia bustani anazikata kwa mkasi mkubwa kila baada ya wiki mbili. Fensi imenyooka vizuri, ila chini imebaki miti mitupu. Jirani anasema niongeze maji na mbolea ya kuku. Kwenye video za mtandaoni wanasema vichaka vya maua hukatwa mwezi wa pili. Mama yangu, yuko Lushoto, anasema nisikate mwezi ukiwa mchanga, na nikimaliza nipake vidonda rangi ya mafuta. Yeye mwenyewe ana haidrenjia ambazo msimu huu hazikutoa hata ua moja baada ya kukatwa. Nina pia hibiskasi mbili na mwasumini mmoja. Naogopa kukata sana nikaviua. Nikate lini, kiasi gani, na wapi hasa?»*

Ndugu yangu, nianze na hiyo hofu ya mwisho, maana ndiyo inayomfunga mtu mikono. Bogenvilia yenye mizizi ya miaka mitano haifi kwa kukatwa. Nimeona zilizobakizwa visiki vya urefu wa goti, na mvua ziliponyesha zikarudi na fujo zao zilezile. Yako haiumwi wala haijazeeka. Majani tele ya kijani yanakuambia kwamba mizizi inafanya kazi, chakula kipo na maji yapo. Shida yake ni kwamba inakatwa mara nyingi mno, na kila mara inakatwa juu juu. Mkasi unapita kila wiki mbili, lakini tangu ipandwe haijapogolewa hata mara moja.

Siku atakayokuja tena huyo kijana, kabla hajafagia, okota tawi moja aliloliangusha. Tafuta jani lililo karibu na ncha, uangalie pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Kwenye kona hiyo kuna jicho, na jicho hilo huwa limetoa kitu kimoja kati ya viwili: mwiba, au kijiti chembamba chenye rangi mwishoni. Rangi yenyewe si ua. Ni majani matatu yaliyobadilika, na ua halisi ni kile kibomba chembamba cheupe kilichosimama katikati ya kila jani la rangi. Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: mwiba na kijiti cha maua vinatoka mahali palepale, kwenye jicho la aina ileile. Mmea ukiwa mbioni kurefuka, umeshiba maji na mbolea, macho yake mengi huishia kuwa miba. Mwendo wa kurefuka ukipungua, ardhi ikakauka na siku zikafupika, macho hayohayo hutoa maua. Kwa hiyo fensi yako haikukosa pa kutolea maua. Hesabu miba kwenye hilo tawi uliloshika. Kila mmoja ungeweza kuwa ua.

Tuje kwenye mkasi wenyewe na unachofanya ndani ya mmea. Kwenye ncha ya kila tawi kuna jicho kuu. Jicho hilo linatengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kupitia tawi na kuyazuia macho ya pembeni yasiamke. Mwaka 1933 watafiti wawili, Kenneth Thimann na Folke Skoog, walilionyesha hilo kwa mimea ya jamii ya maharage. Walipokata ncha, macho ya pembeni yaliamka. Walipoweka auksini pale palipokatwa, macho yaliendelea kulala. Baadaye zimejulikana homoni nyingine zinazoshirikiana nayo katika kazi hiyo, lakini msingi umebaki uleule. Ukiondoa ncha moja, chini ya mkato hutoka machipukizi mawili, matatu, hata manne. Faida ya kupogoa iko hapo: unapata ncha nyingi zaidi, na kwa bogenvilia machipukizi mapya ndiyo yanayobeba maua.

Ila chipukizi halichanui siku linapotoka. Lazima lirefuke kwanza na majani yake yakomae, ndipo macho ya karibu na ncha yaanze kutoa maua. Kwa joto la Tanga, weka hesabu ya wiki sita hadi kumi tangu siku ya mkato mpaka rangi ionekane. Halafu linganisha na ratiba ya kijana wako, ambayo ni siku 14. Kila chipukizi linakatwa likiwa bado changa, linatoa mengine mawili, na hayo nayo yanakatwa kabla hayajafika popote. Kadiri siku zinavyokwenda uso wa fensi unazidi kusongamana, mwanga hauingii ndani, na matawi ya chini yanapukutisha majani kwa kukosa jua. Miti mitupu unayoiona chini na maua uliyoyakosa juu, mzizi wake ni mmoja.

Wakulima wa waridi wa Naivasha, Kenya, wanakula kwa hesabu hii. Ili maua yawe tayari kwa soko la tarehe 14 Februari, wao hupanga mikato ya mwezi Desemba, kwa kuwa waridi huchukua takriban wiki saba hadi tisa kutoka mkato mpaka kuvunwa, ikitegemea aina na baridi ya mahali. Katikati ya wiki hizo hakuna anayethubutu kupitisha mkasi kwenye machipukizi yale.

Jirani yako ana nia njema, ila kwa bogenvilia ushauri wake unarudisha mambo nyuma. Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa Bougainville wa kuzunguka dunia, aliukuta karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767 na kuupa jina la mkuu wa msafara wake. (Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyejifanya mwanamume kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kwenye meli zile, na wapo wanaoamini kwamba ni yeye aliyelichuma tawi la kwanza.) Ni mmea uliozoea kukaa na kiu kwa vipindi, na katika kiu hiyo ndipo unachanua. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Ukiongeza hiyo pamoja na maji, utavuna matawi marefu yenye miba mirefu. Kama unataka kuweka kitu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kwa kila shina, mara moja kwa mwaka mwanzoni mwa mvua, inatosha sana.

Kuhusu maji, bogenvilia ya umri huo iliyo ardhini haihitaji kumwagiliwa isipokuwa kiangazi kikiwa kikali. Majani yakilegea saa nane mchana yakasimama tena jioni, iache. Yakiamka asubuhi bado yamelegea, ipe maji mengi mara moja, kisha acha udongo ukauke. Angalia pia kama kando ya fensi kuna ukoka unaomwagiliwa kila jioni. Mara nyingi huko ndiko maji yanakotoka, mwenye nyumba akiapa kwamba hamwagilii fensi. Na kama tangu ulipopanda kuna mti au ghorofa ya jirani iliyoikinga jua, hesabu saa za jua inazopata. Chini ya saa tano hivi za jua la moja kwa moja kwa siku, mkasi peke yake hautakupa maua.

Hizo video za mwezi wa pili zinasema kweli, ila kweli ya kwao. Uingereza au kaskazini mwa Marekani, Februari na Machi ni mwisho wa baridi kali. Vichaka vingi havina jani hata moja, vimelala, na vile vinavyochanua wakati wa joto kwenye matawi mapya hukatwa hapo kabla havijaamka. Hata huko hawakati kila kitu Februari: kichaka kama forsithia, kinachochanua mapema kwenye matawi ya mwaka uliopita, husubiriwa kimalize maua ndipo kikatwe. Sisi Februari tuko kwenye jua kali la kaskazi na udongo mkavu. Ukiifunua fensi yako wakati huo, magome ya matawi yaliyokuwa kivulini miaka mitatu yataungua, na mmea hautakuwa na maji ya kutolea machipukizi. Huku kwetu kinacholaza na kuamsha mimea ni ukame na mvua, kwa hiyo kalenda yako ifuate mvua.

Kwa Tanga ningefanya hivi. Mkato mkubwa uwe masika yanapopungua, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Juni. Udongo bado una unyevu wa kulisha machipukizi, jua la kipupwe ni pole, na kadiri ardhi inavyokauka mwezi wa saba na wa nane machipukizi hayo yanakomaa na kuchanua. Maua hayo yakishapukutika, kwa kawaida kuelekea Oktoba, fanya mkato wa pili ulio mwepesi kabla vuli haijakolea, ili upate wimbi jingine la maua katika ukavu wa Januari na Februari. Katikati ya mikato hii miwili ondoa zile fimbo ndefu moja moja zinazochomoza barabarani na kuhatarisha macho ya watu, basi. Nikukumbushe tu kwamba Tanga haikauki kama Dodoma. Mvua za hapa na pale wakati wa kusi zinaweza kuchelewesha maua wiki mbili tatu, na hilo lisikufanye uite mkasi tena.

Kama sasa hivi mkato wa Mei uko mbali, hatua ya kwanza haina gharama: simamisha ule mkato wa kila wiki mbili leo. Ukiacha tu fensi itulie wiki nane, hata bila kupogoa, utaona rangi kwenye uso wake, alimradi si katikati ya masika.

Siku ya mkato mkubwa, uache kwanza ule mkasi mkubwa wa mikono miwili. Tumia mkasi wa kupogolea, ule mdogo wa mkono mmoja, na msumeno mdogo kwa matawi yaliyozidi unene wa kidole gumba. Vaa glavu ngumu za ngozi, miwani na mikono mirefu. Anza na matawi makavu, kisha yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana. Ukimaliza hayo, simama mbali uitazame tena, maana mara nyingi theluthi ya kazi inakuwa imeshaisha.

Baada ya hapo shughulikia ile miti mitupu ya chini. Miti hiyo haitaota majani kwa kukatwa juu. Itaota ikikatwa chini, mwanga ukaingia. Lakini ukikata yote kwa pamoja utabaki bila fensi kwa miezi kadhaa, na nyumba iko barabarani. Kwa hiyo igawe kazi: katika kila mashina matatu manene, chagua moja lililochoka zaidi na ulikate likiwa na sentimita 40 hadi 60 kutoka ardhini. Mwakani kata la pili, mwaka wa tatu la mwisho. Fensi itakuwa imezaliwa upya na mpita njia hajaona pengo. Jihadhari na jembe tu. Mizizi ya bogenvilia haipendi kuchokonolewa, na mtu anayepogoa matawi huku akipalilia kwa nguvu shinani anaupiga mmea pande mbili kwa siku moja.

Matawi yanayobaki yafupishe kwa theluthi moja hivi, kila moja kwa urefu wake, si yote kwa mstari mmoja. Mkato wenyewe uwe nusu sentimita juu ya jicho, umeinama kidogo kuelekea upande wa pili ili maji ya mvua yasitiririkie kwenye jicho. Chagua jicho linalotazama nje, kwa sababu chipukizi litakwenda linakotazama jicho. Ukiacha kijiti kirefu juu ya jicho, kitakauka, na ukavu huo unaweza kushuka ndani ya tawi. Ukikata kwa kuligusa, jicho lenyewe litakauka. Mwisho, umbo: fensi iwe pana chini na nyembamba juu. Vijana wengi hufanya kinyume bila kukusudia, kwa kuwa mkono unafika juu kwa urahisi na mgongo hautaki kuinama, halafu sehemu ya juu inainyima ya chini jua.

Hapa kuna jambo ambalo wauza miche hawalitaji. Fensi inayochanua haiwezi kuwa fensi iliyonyooka. Kwa miezi miwili kabla ya maua itaonekana imeachwa, na itadai karibu nusu mita ya ziada kila upande. Kama una nafasi hiyo, chagua maua. Kama barabara ni finyu na bajaji zinapita zikiigusa, una njia ya kati ninayoipenda mimi: upande wa barabarani uendelee kukatwa nadhifu, kila wiki nne au sita badala ya mbili, halafu sehemu ya juu na upande wa ndani uachwe huru uchanue. Unapata usalama wa miba huku na rangi huku. Na kama unachotaka kweli ni ukijani ulionyooka mwaka mzima, hilo nalo si kosa, lakini bogenvilia utakuwa unapigana nayo maisha yote. Panda duranta au iksora, ambazo huvumilia mkato wa karibu vizuri zaidi.

Hibiskasi zako ni rahisi. Ua lake huishi siku moja tu kwa kawaida, kwa hiyo uzuri wa mti wote unategemea utokaji wa machipukizi mapya bila kukatika. Nayo huchanua kwenye tawi jipya, ila ni ya polepole: ukiikata leo, tegemea maua baada ya miezi miwili hadi mitatu. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja, na kila tawi libaki na majani kadhaa. Mbinu nzuri ni kukata nusu ya matawi masika yakipungua na nusu nyingine wiki sita au nane baadaye, ili mti usibaki bila ua. Ukiona matumba yanadondoka kabla ya kufunguka, au ncha zimejikunja na kuna kitu cheupe cha unga kwenye maungio, huenda ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Kata ncha hizo, zifunge kwenye mfuko, uzitupe; usizirundike bustanini.

Mwasumini ukate wakati wa kipupwe, kwa kuwa ni mmea wa joto na matumba yake hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya hali ya hewa ikipamba moto. Punguza matawi kwa theluthi au hata nusu, toa yaliyosokotana. Baada ya hapo kuchuma kwenyewe kunasaidia. Wanawake wanaochuma asumini kila jioni kwa ajili ya vikuba wanajua kwamba mti unaochumwa unatoa zaidi ya mti ulioachwa.

Haidrenjia za mama ni kesi tofauti kabisa, na zisikuchanganye. Bogenvilia, hibiskasi, mwasumini na waridi vyote huchanua kwenye tawi jipya. Haidrenjia ya kawaida, ile ya majani mapana na vichwa vikubwa vya mviringo, hutayarisha ua lake mapema: jicho la ncha ya tawi la mwaka huu ndilo linalobeba ua la msimu ujao, na ubaridi ndio unaoliambia jicho lianze kazi hiyo. Ndiyo maana inapendeza Lushoto na inasononeka Tanga. Anayeikata miezi ya Juni hadi Agosti, au baada yake, anakata maua yaliyokwisha kuundwa, ingawa kwa macho haoni kitu zaidi ya vijiti. Nina hakika kiasi kwamba ndilo lililotokea. Mwambie mama asisikitike, mti hauna shida. Msimu huu asiuguse. Utakapochanua tena, asubiri vichwa vichakae, hapohapo ashuke mpaka jozi ya kwanza au ya pili ya macho yaliyonona, akate juu yake. Mashina mazee mawili matatu anaweza kuyatoa mpaka chini siku hiyohiyo. Baada ya hapo mkasi upumzike mpaka maua mengine yachakae.

Kuhusu mwezi mchanga, sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba unabadilisha chochote katika vichaka hivi. Lakini kumsubiria mama siku kumi hakukupotezei kitu, kwa hiyo msubirie, na umpelekee shikamoo yangu. Rangi ya mafuta ndiyo nitakayoipinga. Mmea hauponyi kidonda kwa kukifunika kama ngozi yetu inavyofanya. Unajenga kuta ndani ya mti wake na kulitenga eneo lililojeruhiwa. Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kuangalia jambo hili, alilieleza kwa kina pamoja na Harold Marx mwaka 1977, na kazi yake ndiyo iliyowafanya watunza miti wengi waachane na rangi na lami. Tabaka la rangi linaweza hata kufungia unyevu ndani. Kinachosaidia ni mkato safi, siku kavu, na mkasi uliofutwa kwa spiriti kila unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Neno kuhusu kijana wako. Usimlaumu. Analipwa kuonekana amefanya kazi, na kazi inayoonekana haraka ni kukata. Ukimwambia tu «usikate», wiki ya pili atakosa cha kukuonyesha. Mpangie kazi nyingine: kupalilia kwa mkono, kutandaza majani makavu shinani, kunoa na kupaka mafuta vifaa, kuangalia wadudu. Na mkato mkubwa wa mwaka mlipe kama kazi maalumu, ninyi wawili mkiwa hapo, siyo kama sehemu ya usafi wa kila siku.

Mwonye pia juu ya vichaka vingine atakavyokutana navyo. Oleanda ina sumu kila sehemu. Majani yaliyokatwa wasipewe mbuzi, na yasichomwe moto kwa kuwa moshi wake nao ni hatari. Lantana nayo huwadhuru mifugo. Mnyaa hutoa utomvu mweupe unaoweza kuunguza jicho vibaya. Ukimrukia mtu jichoni, aoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu na aende hospitali siku hiyohiyo hata akidhani amepata nafuu. Mwiba wa bogenvilia ukiingia karibu na kiungo cha kidole, na kiungo kikabaki kimevimba na kuuma baada ya siku mbili tatu, msiuchokonoe kwa sindano nyumbani. Mpelekeni akaonwe, na aulizwe lini alichanjwa pepopunda.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyaona. Tawi moja likikauka kuanzia ncha, kisha la pili na la tatu ndani ya wiki chache, likate uangalie ndani: ukikuta mstari wa kahawia kwenye mti wake, au kichaka kizima kinanyauka huku udongo umelowa, mwite afisa ugani wa kata yako aje akione. Akishindwa kukitambua, sampuli inaweza kupelekwa kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kikiwa mojawapo ya wenye ujuzi huo. Usianze kununua dawa za ukungu dukani kwa kubahatisha. Na kama matawi yamefika kwenye nyaya za umeme, hata tawi moja, kijana asipande ngazi. Toa taarifa TANESCO waje wenyewe.

Matawi ya mkato mkubwa msiyatupe yote. Chagua yenye unene wa penseli, yaliyokomaa lakini si makavu, kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, ondoa majani, vichomeke theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, mahali pa kivuli chepesi. Weka alama ya upande wa juu kabla hamjachanganya vipande, kwa kuwa kikipandwa kichwa chini hakioti. Majani ya kwanza yasikudanganye, yanatoka kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti. Usikivute kuangalia kama kina mizizi, kwani mizizi michanga ya bogenvilia hukatika kirahisi. Subiri kitoe chipukizi lenye majani matano sita yaliyokomaa ndipo ukihamishe pamoja na udongo wake, na wale wapita njia waliokuwa wakiomba uwagawie.